Sharti la Maziwa Mabichi

Mume wangu alikuwa mkata mkonge Ngombezi, na alipoanza kuumwa homa nilimnunulia maziwa apate nguvu. Kosa ni langu, nalisema mapema nisije nikaonekana nazunguka.

Maziwa tuliletewa na bibi mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga nyuma ya shamba. Siku ya kwanza alinishika mkono kabla hajanipimia.

"Mwanangu, maziwa yangu hayawekwi motoni. Ukiyachemsha, ng'ombe anakauka."

"Sawa, bibi. Nimeahidi."

Kwetu Kwaluguru nilikwisha kusikia mambo hayo, kwa hiyo sikuona ajabu. Kibuyu chake alikifukiza kwa kijinga cha moto, maziwa yakanukia moshi, nami kwa ujinga wangu nikaona moshi umeyasafisha.

Homa ile ilikuwa na hila. Ilimwacha siku nne tano akaenda kukata, kisha ikarudi na jasho la kulowesha kitanda, na kiuno kikamkamata hata asiweze kuinama. Mnyapara akamwita mvivu mbele za watu. Mimi nikaongeza kikombe cha pili, nikawa namsimamia mpaka amalize. Siku moja bibi alinieleza kwamba ng'ombe wake mwekundu ametupa mimba. Nikampa pole, nikaendelea kupokea maziwa ya ng'ombe huyo huyo.

Mwishowe tukaenda zahanati, Korogwe. Dresa alimbonyeza kiuno, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, maziwa mnakunywa?"

"Tunakunywa."

"Mnachemsha?"

Nyuma yetu kulikuwa na foleni, na katika foleni ile alikuwamo mke wa mnyapara, ametega sikio. Nikaona aibu kukiri mbele yake kwamba nampa mume maziwa mabichi, nikasema, "Tunachemsha."

Mume wangu alinitazama, akaanza kufunga vifungo vya shati. Alikuwa mtu wa kunisitiri. Dresa akasema basi itakuwa malaria, akampa kwinini. Vidonge vile alivimeza nyumbani, akashushia kwa maziwa.

Masika yalipokwisha hakuweza kusimama. Nikarudi kwa dresa peke yangu, kwa miguu, nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, na mimi nilitamani anigombeze. Alisema ugonjwa ule hutoka kwa ng'ombe wanaotupa mimba, mtu huunywa katika maziwa mabichi, na ukichelewa huingia mifupani.

"Ungesema siku ile ningempeleka hospitali," alisema, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Jioni ile niliweka maziwa motoni, mlango wazi, anayetaka kuona aone. Mume wangu alilala akiyasikiliza yakichemka. Nilipompa kikombe aligeukia ukutani. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mkonge hakukata tena. Mwenye shamba alitutaka tuondoke kambini, maana nyumba zile zilikuwa za wenye kazi, na tukarudi Kwaluguru yeye akiwa na mkongojo, umri wake bado wa kijana.

Lakini wiki zile za mwisho pale kambini niliendelea kununua maziwa kwa ajili ya chai yangu, nikiyachemsha kila siku. Na kila asubuhi nilimwuliza bibi habari za ng'ombe mwekundu.

"Mzima, mwanangu," alinijibu kwa furaha. "Siku hizi anatoa kuliko mwanzo."