Swali la Kumi Chini ya Kitenge

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, Gracia Uyirwoth amekaa akitazama ukuta katika sebule moja ya mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia. Nyuma yake printa inavuta karatasi. Ameitwa kuirekebisha, lakini haruhusiwi kuona inachochapa.

"Usigeuke kwanza, Mama Abigaël," anasema mwenye nyumba, Angèle Dhena.

Sababu haina kificho. Angèle, mwenye umri wa miaka 57, ni mkuu wa shule moja ya msingi hapo mtaani, na ndiye anayetunga mtihani wa Kifaransa wa darasa la sita. Mtihani utafanyika Jumatatu. Watoto 58 wataufanya, na mmoja wao ni Abigaël, binti wa fundi.

Zamani shule ilikuwa ikipeleka mitihani yake kuchapwa kwenye sekretariati moja, duka la kuchapa na kutoa nakala, katikati ya mji. Mwaka juzi maswali yalianza kuzunguka sokoni siku mbili kabla ya mtihani. Angèle akanunua kompyuta na printa zilizokwisha kutumika, zilizotoka Uganda kwa njia ya soko la Ariwara, mpakani, akaziweka nyumbani kwake.

Siri ikapona, likaja tatizo jingine. Muhula uliopita swali la kumi halikutoka kwenye karatasi, naye hakuligundua hilo hadi watoto walipokwisha kukaa kwenye madawati. Aliliandika ubaoni, lakini waliokaa nyuma hawakuliona vizuri. Kamati ya wazazi ilimwambia waziwazi kwamba karatasi zikitoka na kasoro tena, mitihani itarudi mjini.

Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kuja. Wa kwanza alibadilisha wino. Wa pili alisema printa imekufa.

Gracia, mwenye umri wa miaka 36, anaomba rula. Kisha anamwomba mwalimu afunike karatasi iliyotoka kwa kitenge, aache wazi sehemu nyeupe ya chini tu. Angèle anaifunika, anaikagua, anavuta kitenge kidogo zaidi, ndipo anamruhusu kugeuka.

Gracia anapima weupe ule na kupata milimita 22. Anatabasamu.

"Imprimante haijafa, Madame. Iko inafikiri karatasi yako ni ya Amerika."

Hesabu yake ni fupi. Karatasi inayouzwa Bunia, A4, ina urefu wa milimita 297. Ile ya Kimarekani ina 279, yaani pungufu ya milimita 18. Printa hii, iliyopangiwa ile ya Kimarekani, husimama mapema, na milimita nne za mwisho haichapi kamwe. Kumi na nane na nne ni ishirini na mbili. Barua ya kawaida isingeonyesha kasoro, lakini Angèle hubana maandishi hadi ukingoni ili maswali yote kumi yaenee ukurasa mmoja. Karatasi ina bei, na shule yake haina nyingi.

Kutoka hapo Gracia haigusi mashine. Hiyo ndiyo desturi yake: anakaa kushoto kwa mteja, mikono mapajani, na mteja anafanya yote mwenyewe. Aliianza mwaka 2020, baada ya kumpangia mzee mmoja wa Nyakasanza kipanya kwa kasi ya mkono wake yeye Gracia. Mzee alimwita mara nne kwa wiki moja, kila mara akilalamika kwamba mshale unamkimbia.

"Niliacha mukono yangu kwa nyumba ya mutu mwingine," anasema. "Kosa ilikuwa yangu."

Lakini mkono wa kulia wa Angèle ulipooza miaka miwili iliyopita. Tangu wakati huo amekuwa akiuinua kwa mkono wa kushoto, anauweka juu ya kipanya na kuusukuma kama mtu anayesukuma mzigo. Kufungua faili moja humchukua dakika nzima. Gracia anamtazama akijaribu mara tatu kufungua barua moja ya zamani, kisha anamuuliza kwa nini asitumie wa kushoto.

Angèle anajibu kwamba aliwahi kujaribu, lakini kidole cha shahada kiliangukia kitufe kisichofungua kitu.

Basi hilo nalo linaingia kwenye kazi ya asubuhi hiyo. Betri ya sola imebakiza taa moja ya chaji kati ya nne, na Gracia, kwa kuhofia muda, anavunja desturi yake. Anashika kipanya, anabadilisha nafasi za vitufe, cha kulia kiwe cha kushoto, anapunguza kasi ya mshale, anarefusha muda wa kubofya mara mbili na kuukuza mshale wenyewe. Kisha anabofya kama alivyozoea. Orodha asiyoitaka inafunguka. Anabofya tena, inafunguka nyingine.

Angèle anacheka hadi anashika meza.

"Sasa weye ndiyo mugonjwa," anasema. "Leta hapa."

Anakivuta kipanya kwa mkono wa kushoto na kufungua barua ile. Kisha anaifunga na kuifungua tena, bila sababu nyingine ila kwamba anaweza.

Gracia alizaliwa Mahagi na alijifunza kompyuta kwa kuchapa barua za watu katika sekretariati. Hapo ndipo alipogundua kwamba wengi waliokuja kuchapisha walikuwa na mashine nyumbani, wakiamini zimeharibika. Katika daftari lake la miezi mitatu iliyopita, kati ya mashine 212 alizoitiwa, 131 hazikuwa na ubovu wowote; zilikuwa zimepangwa vibaya. Huenda nyumba mbili au tatu kwa siku na kutoza faranga elfu tano kwa kila nyumba, na elfu mbili kati ya hizo huishia kwenye nauli ya pikipiki. Anasema zinamtosha kwa chakula na ada.

Mwezi ujao anataka kwenda Ariwara, kukutana na wanaouza mashine hizo, na kuwaonyesha jinsi ya kupanga A4 kabla hazijaingia Bunia.

Angèle anaona mpango huo una kasoro. Mashine zikifika zimepangwa vizuri, anamuuliza, weye utakula nini?

Gracia anaelekeza kidole kwenye mkono wa kushoto wa Angèle, ulio bado juu ya kipanya.

"Karatasi iko moja kwa Bunia muzima, Madame. Mikono haiko moja."

Sasa Angèle anachagua A4 kwenye printa, kwa kidole chake cha kushoto, na kuchapa nakala moja ya majaribio. Anaiinua dirishani, akimpa Gracia mgongo, na kuisoma kimyakimya hadi chini kabisa. Midomo yake inahesabu: nane, tisa, kumi. Anaishusha, anaikunja, anaitia ndani ya bahasha.

Zimebaki nakala 58 za watoto, na taa moja ya betri. Anaandika idadi na kubofya.

Gracia atasubiri, karatasi zisije zikakwama. Printa inapoanza kuvuta, anageuza kiti chake ukutani bila kuambiwa.