Picha ya Nane

Fundi alinifundisha kamera kwa makatazo. Usiguse kioo kwa kidole. Usifungue mgongo wake juani. Usibonyeze mkono ukiwa unatetemeka. Na ukishabonyeza, zungusha filamu papo hapo, kabla hujafikiria jambo jingine lolote. Hilo la mwisho alilirudia hadi vidole vyangu vikawa vinazunguka vyenyewe hata nikiwa nachota maji.

Fundi alikuwa Mhindi mwenye duka la picha mjini Singida, enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita vikubwa. Alinichukua kwa ajili ya wateja wa kike. Wanawake wa Kiislamu, na wa Kihindi pia, walikuja kupigwa picha lakini hawakutaka mwanamume awapange mtandio wala awainue kidevu. Kazi hiyo ikawa yangu. Baadaye mikono yangu ikaingia kwenye dawa za chumba cha giza, na baadaye tena ikapewa kamera ya pili, ile ya kukunja, ambayo filamu yake ilitoa picha nane basi.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba. Hapo niliishi na wadogo zangu wawili: wa kiume, aliyekuwa darasa la sita, na wa kike, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado yanang'oka. Baba na mama walifariki kwa kufuatana. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha shule, darasa la nne, mama alipoanza kuugua, na walipozikwa wote wawili nikawa mimi ndiye mkubwa.

Ukoo ulikaa Mgori, kwa baba mdogo, ukasema watoto wa marehemu hawaachwi mjini kwa msichana asiyeolewa, uani kwa Mhindi. Mvulana aende kwenye ng'ombe, msichana amsaidie mke wa baba mdogo, na mimi nitafutiwe mume. Nilikwenda kwa miguu hadi Mgori nikapiga magoti nikaomba niachiwe. Baba mdogo hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Nitakuja mwenyewe nione kama kuna nyumba, au kuna watoto watatu tu."

Akaja siku moja kabla ya maonyesho ya ndege.

Maonyesho hayo yalikuwa yamezungumzwa mjini tangu mavuno. Ndege tatu zingetua kwenye uwanja wetu wa majani, zingeruka mbele ya watu, na moja ingewapandisha wanafunzi wachache kuonyeshwa nchi yao kutoka juu. Ofisi ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, ilimwagiza Fundi apige picha. Yeye angesimama na wageni wa heshima kivulini. Mimi ningesimama kwenye kamba, upande wa jua, na kupiga ndege zenyewe.

"Picha nane," aliniambia asubuhi ile. "Ya saba, watoto wakipanda. Ya nane, watoto wakishuka. Hizo mbili Bwana Shauri anazitaka kuliko zote. Ya nane usiipoteze kwa kitu kingine."

Baba mdogo alifuatana nami uwanjani, mdogo wetu wa kike akiwa amemshika mkono. Kwapani alikuwa na kifurushi. Usiku uliopita alikuwa amekifungua mbele yetu bila maneno: kaniki mpya, ya kumvika mtoto safarini. Lori la kurudi lingeondoka jioni. Hakuwa amesema atamchukua. Hakuwa amesema atamwacha.

Watu walijaa hadi kwenye mawe makubwa ya upande wa ziwa. Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma kama kawaida yake, ukiokota vumbi hapa na kulitupa pale. Ndege mbili ndogo zilipita juu yetu kwa mngurumo, heroe wa ziwani wakapiga mabawa yao ya waridi na kunyanyuka wote kwa pamoja, na bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Linaunguruma kama mashine ya kusaga, lakini unga siuoni."

"Unga uko kwa rubani," mwenzake akamjibu. "Wewe utapata pumba."

Sikugeuka kucheka nao. Kioo kidogo cha kutazamia kiligeuza mambo: ndege ikienda kulia, ndani ya kioo ilikwenda kushoto. Asiyezoea huifuata upande usio wake akabaki na anga tupu. Nilikuwa nimejizoeza kwa majuma kadhaa kwa kuwafuata kuku wa jirani, wadogo zangu wakinizomea. Siku ile kuku walinilipa. Sita za kwanza nilizipata vizuri, nilijua hata kabla ya kuzisafisha.

Kisha ikaja ile kubwa, yenye mabawa juu na chini, ikasimama mbele ya kamba. Mwalimu akawaleta watoto kwa mstari. Niliinama kwenye kioo, nikasubiri wa kwanza aweke mguu kwenye ngazi, wa pili, wa tatu. Nikabonyeza. Na kidole kikiwa bado hapohapo, nikaona koti.

Lilikuwa koti la jeshi, la baba, alilorudi nalo kutoka vitani, bega la kushoto likiwa na kiraka nilichoshona mimi mwenyewe. Ndani ya kioo kiraka kilikuwa bega la kulia. Nikainua macho. Mdogo wangu alikuwa amenipa mgongo mlangoni mwa ndege, mikono ya koti imefunika vidole vyake. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Asubuhi aliniambia darasa lao litakaa upande wa pili wa uwanja kuimba.

Ndege iligeuka, ikakimbia, ikaruka. Ilipita juu ya ziwa, ikapinda nyuma ya kilima na kutoweka. Baba mdogo alikuwa ameliona koti pia. Alilijua kuliko mimi.

"Yule ni nani?" aliuliza.

"Ni yeye, baba."

"Mtoto wa kaka yangu yuko mle ndani."

"Ndiyo."

Baba mdogo alikuwa mtu wa kusema polepole, na alisema Kinyaturu ili wale mabibi wa nyuma, ambao walikuwa Wanyiramba, wasidake kila kitu. "Nani amemruhusu?"

Mwalimu alikuwa amepita na mstari wake, angeweza kuitwa. Ningeweza kusema sijui. Ungekuwa ukweli, na ungenitoa kwenye lawama: mtoto ametoroka, mwalimu amekosea. Lakini niliyajua majibu ya ukoo kwa jibu hilo. Mtoto anayepanda ndege dada yake asijue, kesho atapanda nini? Kaniki ingefunguliwa palepale. Na ningesema nimemruhusu, ndege ile ikianguka, basi ningekuwa mimi niliyemuua mwana wa baba yangu, na hapangekuwa na mtu duniani wa kunisemea.

"Mimi," nikasema.

"Wewe."

"Mimi ndiye mkubwa. Aliniomba, nikamruhusu."

Baba mdogo akahamisha kifurushi kutoka kwapa moja hadi jingine.

Ndipo upepo ukabadilika. Ulitoka upande wa mashamba yaliyokwisha kuvunwa, ukaja na vumbi lote la mashamba hayo, na uwanja ukafunikwa. Askari aliyekuwa hatua chache kutoka kwangu alibaki kivuli. Wanafunzi waliokuwa wanaimba wakanyamaza. Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga. Mimi nikaifunika kamera kwa tumbo langu na kusikiliza.

Tuliisikia inakuja. Mngurumo ulishuka, ukashuka tena, ukawa chini kabisa, mbele yetu, na hatukuona kitu. Kisha kwa ghafla ukapanda kwa nguvu, ukapita juu ya vichwa vyetu, watu wakalala chini. Niliona tumbo lake na magurudumu, karibu mno, kisha vumbi likalifunika. Mngurumo ukaenda zake upande wa kilima.

"Imekataa kutua," mtu akasema.

"Haikukataa. Haioni."

"Mafuta yake yanatosha?"

"Muulize rubani, si yuko huko huko."

Mdogo wetu wa kike alinishika sketi. "Dada, kaka anaogopa?"

"Haogopi."

"Mbona wewe unaogopa?"

Baba mdogo alimwinua akamweka begani, na hilo lilinitia hofu zaidi ya vumbi, kwa sababu alimwinua kama mtu anayemwinua mtoto wake. Nilijiambia nisilie. Mtu aliyetoa ruhusa halii mapema.

Sijui ilikuwa muda gani. Mngurumo ulikuja, ukaenda, ukaja tena. Fundi alitoka kivulini, akanitafuta kwenye vumbi, akanikuta. Hakujua lolote kuhusu koti. "Picha ya nane," alisema, akipangusa miwani. "Unayo?"

"Ninayo."

"Iweke. Watashuka."

Alikuwa anazungumzia filamu, lakini niliyashika maneno hayo. Vumbi likaanza kupungua kwa mapande. Kwanza tuliona kilima, halafu mti wa mwisho wa uwanja, halafu majani. Ndege ikaja kutoka upande wa ziwa, imeinamisha bawa moja, ikagusa chini, ikaruka kidogo kama mtu aliyekanyaga mwiba, ikagusa tena na ikabaki chini. Ilikuja kusimama karibu palepale iliposimama mwanzo.

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikunjua kamera. Kwenye ngazi walishuka wawili ambao sikuwaona nyuso, kisha akatokea yeye, safari hii ananitazama, koti limetapikiwa kifuani. Nikabonyeza.

Nilijua filamu imekwisha, kwa hiyo niliizungusha yote hadi mwisho bila kutazama namba kwenye kidirisha chekundu.

Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kamba. Alipomwona baba mdogo alisimama, akakumbuka adabu. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Juu."

"Nani alikuruhusu?"

Sikuweza kumpa ishara. Baba mdogo alikuwa amesimama katikati yetu, na kwa makusudi, nadhani. Mdogo wangu alikuwa na uso wa kijivu kwa vumbi na kichefuchefu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwalimu aliuliza kila mtoto kama nyumbani wamekubali, naye akajibu dada amekubali. Alikuwa amesema uongo huo mara moja tayari.

"Dada," akasema. "Dada aliniruhusu."

Baba mdogo alimtazama, akanitazama mimi. Mpaka leo sijui kama alituamini. Alikuwa mfugaji, anajua ng'ombe anayetembea kwa woga na anayetembea kwa mazoea. Alimshusha mtoto begani akamsogeza kwangu.

"Nyumba ni pale penye mtu wa kuulizwa," alisema. "Nimeuliza, nimejibiwa na wawili." Kisha akanipa kifurushi. "Kaniki hii ni ndefu kwake. Ikate."

Alipanda lori la jioni peke yake.

Yule mvulana sikumpiga. Nilimwamuru afue koti, maji matatu, na nilimwambia kwamba siku atakayotumia jina langu tena bila mimi kujua, atakwenda Mgori kwa miguu yake mwenyewe. Alisema huko juu hakuona kitu, alikuwa amefumba macho muda wote. Ng'ombe wa huko chini walimwona yeye vizuri kuliko yeye alivyowaona, alisema. Nikatoka nje ili asinione nikicheka.

Asubuhi iliyofuata tuliingia chumba cha giza. Fundi alisafisha filamu yake, kisha yangu, akaining'iniza ikauke. Mimi nilihesabu kwa macho na kuhesabu tena. Saba. Sehemu ya nane ilikuwa tupu, haina kitu, inapitisha mwanga kama dirisha.

"Hukuzungusha," alisema Fundi.

Ya saba na ya nane nilikuwa nimezipiga juu ya kipande kimoja cha filamu. Nilikumbuka koti, na kidole kikiwa hapohapo.

Tulipozichapa, tulizipanga mezani kwa desturi yake: za kupeleka, za kurudia kuchapa, za kutupa. Sita zilikwenda kwenye za kupeleka, na moja kati ya hizo, ya ndege ndogo juu ya heroe, aliitazama muda mrefu kuliko zake mwenyewe. Ya saba aliiweka upande wa kutupa. Ilikuwa imepauka, majua mawili yameingia mahali pa jua moja. Ndege mbili zilikaa moja juu ya nyingine, na mabawa yalikuwa mengi kama ya nzige. Kwenye ngazi mvulana mwenye koti kubwa alikuwa amenipa mgongo, na palepale, mle mle mgongoni, uso wake ulikuwa unatoka.

Bwana Shauri hakupata picha ya watoto wakipanda wala wakishuka. Fundi alikwenda mwenyewe kueleza, na aliporudi aliichukua kamera ya kukunja akaifungia kabatini. Nilirudi kwenye mitandio na videvu. Ilipita masika nzima kabla hajanipa tena ufunguo, na aliponipa alizungusha kidole hewani.

Picha ile ya saba niliitoa kwenye kapu la taka. Baba mdogo alipokuja kutuona baada ya mvua, na siku hiyo alikuja na maziwa ya mgando badala ya kifurushi, nilimwonyesha. Aliisogeza mlangoni penye mwanga. Aliigeuza kutazama mgongo wake, akairudisha.

"Hapa anakwenda au anarudi?"

"Yote mawili, baba."

Aliiangalia tena. "Na wewe uko wapi?"

Nikamwambia mpiga picha haonekani. Akasema hilo si kweli, akagusa kwa kidole kiraka cha koti nilichokishona, akaikunja ndani ya kitambaa chake cha tumbaku, akaondoka nayo Mgori.