Rili ya Kumi na Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, Opereta Mkuu hakunionyesha mashini. Alinionyesha ndoo ya mchanga. "Hii ndiyo kazi yako mpaka nikwambie vingine," alisema. "Filamu ikishika moto, mwaga mchanga kwanza, kimbia baadaye." Aliitwa Mzee Mutiso, Mkamba aliyeshuka kutoka bara kufanya kazi ya reli, akaishia katika chumba cha mashini cha ukumbi wetu wa sinema, hapa kisiwani Mombasa, hatua chache kutoka Mji wa Kale. Mimi niliomba kazi ile ili nitazame filamu bure. Nilikaa wiki tatu nikitazama ndoo.

Nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu mkiwa mmelala, hebu niwaeleze tulivyofanya. Filamu ilikuja vipande vipande, kila kipande kimezungushwa kwenye gurudumu tuliloliita rili, na kila rili na mkebe wake wa bati ulioandikwa namba. Filamu ya Kihindi ilikuwa na rili kumi na nne, kumi na tano, hata kumi na sita. Tulikuwa na mashini mbili. Moja ikionyesha, ya pili unaitia rili inayofuata. Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vinavyoungua vikielekeana, na ilibidi uvisogeze kwa mkono kila vilipopungua, la sivyo picha inaingia giza na watu wanaanza kupiga miluzi. Rili ikikaribia kwisha, doa jeusi hutokea kwenye kona ya juu, kulia. La kwanza, unaiwasha mashini ya pili. La pili, unabadilisha. Ukipepesa macho umekwisha.

Basi wajukuu huniuliza: Babu, wewe umeona filamu zote za mapenzi za zama zako, ipi uliyoipenda zaidi, na kwa nini? Wallahi, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Sikuziona. Nilikuwa nachungulia doa, nasogeza kaboni, naunga kwa gundi pale filamu ilipokatika. Nilimwona binti akilia bila kujua nani kamliza, kisha nikamwona anacheka na sababu nimeikosa.

Hata hivyo ziko zilizonishika. Kulikuwa na moja wanawake wa Mji wa Kale waliyoiita ile ya vyungu. Wao filamu hawakuziita kwa majina yake, walizipa yao. Hii ilikuwa ya mjane anayekwenda kila siku kwa mfinyanzi kununua chungu. Nyumba yake imejaa vyungu mpaka uvunguni, naye hana mtu wa kumpikia. Siku moja anakivunja kimoja kwa makusudi palepale dukani, ili kesho apate sababu ya kurudi. Nimeionyesha mara nyingi, na kila ilipofika pale nilisahau kusogeza kaboni. Kwa nini, sijui. Sina habari na vyungu mimi.

Nyingine niliichukia. Ilikuwa ya fundi cherehani bubu anayempenda binti, kisha analetewa nguo ya harusi ya binti huyohuyo aishone, maana binti anaolewa na mwingine. Anaishona usiku na mchana, na binti anakwenda zake. Nilimwambia Bi Mwanakombo, mama mtu mzima aliyesimamia mlango siku za wanawake, "Sasa si angesema hata kwa ishara?"

Bi Mwanakombo alinitazama kwa huruma. "Kasema, mwanangu. Kashona."

Mimi sikuelewa, na nilimwona anazidisha.

Siku za wanawake zilikuwa Jumatano, alasiri. Onyesho lilikuwa lao peke yao, na mwanamume hakukanyaga ukumbini, hata Meneja mwenyewe. Walikuja na mabuibui yao, watoto, visahani vya viazi vya rojo na kashata. Opereta alitakiwa aingie chumbani kabla mlango haujafunguliwa, na asitoke mpaka wa mwisho amekwenda zake. Meneja alipigilia kadibodi kwenye kidirisha chetu, akaacha upenyo wa kuona pazia tu. "Wewe kazi yako ni picha," aliniambia. "Kichwa cha mke wa mtu si kazi yako." Kwa hivyo sikuwaona. Niliwasikia. Nilijifunza kazi yangu kwa masikio: nilijua kilio cha kumlilia mama wa kwenye filamu na kilio cha kujililia, maana hiki cha pili huja taratibu na hakina kelele. Mwanamume mwingine aliyeruhusiwa alikuwa Chengo tu, mtu mzima, mpole, aliyekuja kwa baiskeli.

Kampuni ilikuwa na kumbi mbili, wetu na mwingine upande wa Tononoka, na ilikodi nakala moja tu ya filamu. Wenzetu walianza saa nzima mbele yetu. Rili zikimalizika kwao, Chengo anazitia kwenye mfuko, anakanyaga kupitia Majengo mpaka kwetu, kisha anapanda mbio ngazi ya pembeni, ngazi ileile iliyotumiwa na wanawake wa roshani. Akisikia buibui linashuka alijibana ukutani na kuinamisha macho.

Mwaka wangu wa nne, mambo mawili yalikuja pamoja. La kwanza, Meneja aliniita. "Unakwenda Malindi mwaka mmoja. Ukumbi wa kule hauna opereta. Ukirudi, utakuwa msaidizi wa Mutiso kwa barua rasmi." La pili, mama yangu alikuwa amepeleka posa kwa kina Zuhura, na jibu lilikuwa halijaja. Zuhura nilimjua kwa kumpita kichochoroni tu, lakini nilimtaka, nisiwafiche. Tatizo lilikuwa Malindi. Baba yake Zuhura alikwenda Arabuni kutafuta kazi yeye akiwa mtoto wa kunyonya, akasema atarudi baada ya mwaka. Mpaka leo. Mama yangu aliniambia waziwazi, "Yule msichana hakukatai wewe. Anakataa mtu wa safari. Shangazi zake watampeleka sinema Jumatano, pengine atachangamka."

Jumatano hiyo tulionyesha ile ya stesheni.

Kwa wasioijua: kijana na binti wanapendana. Kijana anapata kazi mbali, anakuja likizo. Katika rili ya kumi na nne anashuka kwenye treni, binti anamkimbilia, wanacheka, wanakunywa chai ya stesheni kwa kikombe kimoja. Rili ya kumi na tano, baba anakataa, kijana anapanda treni tena, anaapa atarudi. Rili ya kumi na sita, binti anakwenda stesheni kila siku mpaka nywele zinakuwa nyeupe. Kijana harudi. Mwisho.

Wenzetu wa Tononoka, kwa haraka zao, walizirudisha rili kwenye mikebe kimakosa. Iliyoandikwa kumi na nne ndani ilikuwa kumi na tano, na kumi na tano ndani ilikuwa kumi na nne. Mzee Mutiso siku hiyo alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa peke yangu. Opereta anatakiwa aifungue rili asome namba iliyo kwenye filamu yenyewe. Mimi nilisoma mkebe, akili yangu iko roshani kwa Zuhura. Nikashtuka treni inaondoka kabla haijafika. Ningefanya nini? Huwezi kusimamisha. Niliiacha iendelee, kisha nikatia ile nyingine. Kwa wanawake waliokaa ukumbini, basi, kijana aliondoka kwa kiapo, binti akabaki analia, halafu, tazama, treni inaingia, yule anashuka.

Sijapata kusikia ukumbi namna ile. Walipiga vigelegele. Kulikuwa na mmoja analia na kucheka kwa pamoja, na nilijidanganya kuwa ni yeye.

Rili ya kumi na sita ilikuwa bado. Chengo alipata pancha Majengo. Lakini, na hili ndilo nililoliweka kifuani miaka yangu yote, alifika. Wale wawili walikuwa bado wanakunywa chai yao pale Chengo alipoingia akihema, akaniwekea mkebe mikononi. Nilikuwa na muda wa kuitia. Mashini ya pili ilikuwa tupu. Doa la kwanza likatokea, mimi nimesimama na mkebe. Doa la pili likatokea. Nikazima mashini, nikawasha taa za ukumbi.

Bi Mwanakombo aliwaambia filamu imekwisha, waende nyumbani, magharibi inakaribia. Walitoka wanazungumza kwa furaha.

Meneja alipokuja kutoka Tononoka aliuliza, "Rili ya mwisho iko wapi?"

"Haikuwahi, Meneja," nilisema.

Chengo alikuwa amesimama palepale. Alinitazama mimi, akatazama chini. "Nilipata pancha," alisema. Aliondolewa kwenye baiskeli, akapewa ufagio muda wa miezi mitatu. Hakunisema, wala sikumshukuru, wala sikumwomba radhi. Amekufa siku nyingi. Naona aibu mpaka hivi ninavyoandika.

Jumatatu yake jibu la posa likaja. Zuhura amekubali, na Malindi niende, atanisubiri.

Nilikwenda. Kule nilikuwa peke yangu na mashini kuukuu iliyotafuna filamu, nikaonyesha mapenzi ya kila aina huku nikihesabu wiki. Nilirudi siku niliyosema nitarudi. Tukaoana. Mzee Mutiso alipostaafu nilichukua ufunguo wake na ndoo yake. Nilifanya kazi mpaka watu wakawa na kanda za video majumbani, na Jumatano wanawake wakabaki kumi, halafu watatu. Ukumbi sasa ni ghala la magodoro. Siku ya mwisho Meneja mpya aliniambia nichukue chochote nikitakacho kwa ukumbusho, nami nikachukua ile kadibodi ya kidirishani. Msiniulize kwa nini.

Hofu yangu ilikuwa moja. Zuhura alinikubali kwa sababu aliona mtu wa safari amerudi, na yule mtu hakurudi. Mimi ndiye niliyemrudisha, kwa uzembe kwanza, halafu kwa jambo jingine ambalo sijui nilipe jina gani. Niliwasha taa kwa kumwonea huruma binti wa kwenye pazia? Au niliwasha ili nipate mke? Nilijiuliza Malindi, nikajiuliza watoto walipozaliwa. Zuhura aliposema anataka kuiona tena ile ya stesheni, kila mara nilikuwa na udhuru: nakala zimeungua, kampuni imefungwa.

Mwaka huu mjukuu wetu Nuru, binti wa chuo, akaipata. Kaipata kwenye simu tu, kwa dakika mbili. Akaiunganisha na televisheni, akatuita baada ya alasiri. Nikasema kichwa kinaniuma. Zuhura akasema, "Keti, Baba Rukia." Nikaketi.

Ikaja treni, kwa mpango wake. Akashuka, wakanywa chai. Kisha akapanda akaondoka. Nilishika mkono wa kiti. Binti akaanza kwenda stesheni kila siku, nywele zikawa nyeupe, na nilikuwa sijapata kuiona ile sehemu nikiwa nimekaa, sina kaboni ya kusogeza. Machozi yakanitoka mzee mzima. Nuru akasema, "Mbona inahuzunisha hivi, na Bibi aliniambia ni ya furaha?"

Zuhura alimtuma akatie chai. Alipotoka, akaniuliza bila kunitazama, "Ile rili ilifika, au haikufika?"

Ningeweza kusema pancha. Ilikuwa kweli, pancha ilikuwepo.

"Ilifika," nilisema.

"Najua. Nilishuka kumtafutia shangazi maji, nikapishana na Chengo ngazini na mkebe wake wa namba kumi na sita. Sijakaa vizuri, taa zikawaka. Jumapili nikamwomba mjomba anirudishe sinema, nikakiona kilichokuwamo kwenye ule mkebe. Jumatatu nikamwambia mama, mwambieni nimekubali."

"Uliiona yote? Ulijua harudi?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ukakubali?"

"Kwa sababu ulikuwa nayo mkononi, ukawasha taa."

Nilitaka kumwambia kwamba sijui mwenyewe kwa nini niliziwasha, kwamba huenda ilikuwa hila tu ya kijana anayetaka mke. Nikaanza kusema, nikachanganya maneno. Alinisikiliza mpaka nikanyamaza, kisha akanipanguza uso kwa upindo wa leso yake.

"Mimi ningekwambia siku ileile," alisema. "Lakini nilisikia Chengo kapewa ufagio, nikawa nangoja umwombe radhi kwanza."

Nuru akaingia na chai. Alileta vikombe vitatu.

Kesho yake nilikwenda Majengo kwa miguu, kuitafuta nyumba ya watoto wa Chengo. Zuhura alinifuata nyuma, pole pole, ameshika kadibodi yangu ajikinge jua.