Dobi Aliyeandikwa Hakuelewa

Katika ripoti ile yeye ni namba arobaini na moja. Mwanamke, miaka hamsini na tisa, elimu darasa la tano, hakuelewa. Ukiisoma harakaharaka utadhani ni mtu aliyekaa mbele ya redio mdomo wazi, inzi wanaingia na kutoka. Basi tueleze namba arobaini na moja ni nani, maana waliomwandika hawakuuliza.

Hospitalini wanamwita Dobi. Kwa miaka ishirini na sita amefua mashuka ya wodi ya wanawake, kwenye chumba cha nyuma chenye mashine mbili, moja inayofanya kazi na moja inayomsubiri fundi tangu enzi za mganga mkuu aliyestaafu. Mashuka yakija na toroli huchambuliwa kwanza, yenye damu huku kwenye maji baridi, ya jasho kule. Mwenye macho hujua. Shuka la mzazi linajulikana, la mimba iliyotoka linajulikana, na yapo yale ya vitanda vya mwisho, karibu na dirisha, ambayo hata uyatie dawa mara tatu harufu haitoki. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini anayekifulia shuka anajua robo tatu ya habari.

Shule aliacha darasa la tano, akiwa wa kwanza kati ya watoto arobaini. Nyumbani palikuwa na ada ya mtoto mmoja. Kaka yake alikuwa wa thelathini na nane, ila alikuwa wa kiume, ikawa yeye ndiye wa kuendelea. Kaka akaenda, mwaka wa pili wa sekondari akatoroka, akarudi na redio ya kuazima na viatu vya ncha kali. Ukimuuliza Dobi leo atakwambia alishasamehe. Mwongo mkubwa.

Baada ya Dobi alizaliwa mdogo wake wa kike, na huyo ndiye aliyempenda kuliko wote. Alipofika miaka thelathini na moja, mdogo mtu akaanza kuona matone ya damu kila akikutana na mumewe. Dobi akamwambia twende ukapimwe. Akajibu kwamba haumwi popote, aende kufanya nini? Akakaa hivyo mwaka na zaidi, anacheka, anapika, anabeba ndoo. Maumivu yalipokuja hayakubisha hodi. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshapita mlango zamani. Akalazwa kitanda cha karibu na dirisha, na mashuka yake akayafua dada yake mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya na hakuna aliyewaza kumpumzisha.

Siku ya mazishi mama yao aliwaita wanawake wa ukoo chumbani akawaambia: watu wakiuliza, semeni tumbo. Ugonjwa wa sehemu zile ukitajwa, marehemu ataitwa malaya. Wote wakaitikia, na Dobi akiwemo. Funika kombe mwanaharamu apite. Marehemu aliacha binti wa miaka tisa, naye akaambiwa tumbo.

Dobi akamchukua mtoto akamlea. Akamsomesha kwa ukaidi wa mtu anayelipa kisasi, mpaka chuo, mpaka yule binti akawa karani wa ofisi ya elimu, msafi, mwepesi wa kalamu, anayesahihisha barua za mabosi wake. Hapa tumwite Karani. Sasa ana miaka thelathini na tatu.

Ndipo ukaja utafiti. Walitaka kujua kama wanawake wanaelewa matangazo ya afya ya redioni, na kama elimu ya mtu inaleta tofauti. Walikuwa na ujumbe wa dakika tatu uliorekodiwa tayari, na maswali kumi ya kuuliza baada ya kuusikiliza. Kwa Dobi alikuja mdodosaji, binti mpole mwenye kishikwambi, wakakaa chumba cha kupiga pasi juu ya marobota ya mashuka. Wimbo ukaanza, mrefu kama hauna mwenyewe, kisha sauti nzito ya mwanamume ikamwambia mama asipuuze maumivu. Ukisikia maumivu chini ya kitovu, ukiona damu isiyo ya kawaida, fika kituo cha afya upimwe. Wimbo tena.

Maswali matatu ya kwanza yalipita salama. La nne likauliza, kwa mujibu wa ujumbe, mwanamke anapaswa kwenda kupimwa lini.

"Kabla hajaumwa," Dobi akasema.

Binti akalisoma swali mara ya pili, taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Ndivyo walivyoelekezwa, soma mara mbili kisha jaza.

"Nimekusikia, mwanangu. Kabla hajaumwa. Akishaumwa anakuja kwangu." Akapiga robota alilokalia.

Binti akagusa kioo. Shule walimnyang'anya Dobi, lakini kusoma hawakuweza kumnyang'anya, hata kwa maandishi yaliyogeuka juu chini. Lilikuwa neno moja: Hakuelewa. Alitaka kusema kitu, akaona yule mtoto wa watu ametumwa tu, akayameza. Lakini maswali yaliyobaki aliyajibu kwa mkato, mengine akayanyamazia kabisa, na kwa kila alilonyamazia akapewa neno lilelile.

Jumapili yake Karani alikuja kula mchana, amejaa furaha. Na ofisini kwao walihojiwa, na yeye amepata kumi kwa kumi. Wamemsifu mbele ya wenzake. Dobi akamuuliza, kwa kuwa ameelewa hivyo, amekwenda kupimwa lini?

"Mama mkubwa, mimi siumwi," Karani akasema, anacheka. "Hata ujumbe wenyewe unasema ukisikia maumivu."

Dobi aliweka sahani chini. Maneno yaleyale. Mtu aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa chini ya ardhi miaka ishirini na nne, na sasa yamerudi kwa kinywa cha mwanawe, yamepakwa sifa na watafiti. Akaanza kufoka. Akamwambia ujumbe ule ni wa kijinga, na aliyeuandika hajawahi kuona shuka. Karani naye hakupenda. Akajibu kwa adabu, ambayo ndiyo mbaya zaidi, kwamba wale ni watu waliosomea, na kila mtu na fani yake. Akanyanyuka akaenda kuosha vyombo. Dobi alibaki pale, ana jambo moja tu la kumwambia ambalo lingemnyamazisha, na akashindwa kulitoa. Tumbo. Alikuwa ameshalisema tumbo mara nyingi mno.

Baada ya wiki chache, watafiti walirudi kutoa majibu ya awali kwenye ukumbi wa hospitali. Wafanyakazi wote waliohojiwa wakaalikwa, wakapewa soda. Mbele alisimama kiongozi wao, Msomi tumwite, mwanamke mwenye jina katika mambo ya jinsia, anayejua kusema kwa uchungu kuhusu mabinti walioachishwa shule. Dobi alimsikiliza na mwanzoni akampenda. Kisha ukaja mchoro ukutani. Wanawake wa chini ya darasa la saba walianguka hasa swali la nne, akasema Msomi, na walioanguka zaidi ni wafagizi, madobi na wahudumu wa wodi. Pendekezo: ujumbe urahisishwe, ikibidi wachorewe picha.

Wachorewe picha! Wahudumu wa wodi ya wanawake, wanaobeba mabeseni ya vitanda vya dirishani, wachorewe picha ili waelewe ugonjwa. Dobi alisimama kabla hajajua kuwa amesimama.

Alieleza bila kumung'unya. Akasema swali la nne wamelikosa watu wanaoujua ugonjwa na wamelipata wasioujua, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mwenye akili. Akamgeukia muuguzi mkuu, akamwomba awaambie watu hawa, mwanamke apimwe akiumwa au kabla? Muuguzi mkuu aliangalia chupa yake ya soda, akasema kwa sauti ndogo kwamba kitaalamu ni kabla, mwanzoni ugonjwa hauna maumivu. Ukumbi ukaguna. Ndipo mtayarishaji wa redio, aliyekaa pembeni, akajitokeza kusaidia. Kusema kweli, alisema, maneno "hata kama huumwi popote" yalikuwemo. Yaliondolewa kwa sababu ujumbe ulizidi dakika tatu.

"Na wimbo?" Dobi akauliza.

Wimbo ulibaki, akasema. Wimbo ndio unaovuta wasikilizaji.

Msomi hakukasirika. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kuulizwa na watu wa chini. Alieleza kwamba hoja ya mama ni nzuri sana na itazingatiwa katika awamu ijayo.

"Lakini tuelewane, mama. Sisi tulipima kama ujumbe umeeleweka. Hatukupima kama ujumbe ni sahihi."

Alilisema hivyo, mchana kweupe, mbele ya watu themanini, na hakuona haya. Na wenye elimu ukumbini wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu lilikuwa na sauti ya kisomi. Ujumbe ungeanza kurushwa Jumatatu.

Dobi alitoka bila kumaliza soda. Njiani aliwatukana wote kimoyomoyo, kwa mpangilio: mtayarishaji na wimbo wake, muuguzi mkuu na chupa yake, Msomi na subira yake. Walipoisha akabaki mmoja, yeye mwenyewe, na huyo hakuwa na pa kumkimbia. Wale waliondoa maneno manne. Yeye kwa miaka ishirini na nne aliondoa habari nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini maradhi haya yeye alikuwa ameyaficha hata baada ya kifo, na kwa nani? Kwa mtoto mwenyewe. Basi alikuwa na haki gani ya kumnyooshea Msomi kidole? Hasira ile ilimuuma kuliko zote.

Hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja mpaka ofisi ya elimu, na sare yake ya kazi, akamkuta Karani kati ya mafaili.

"Mama yako hakufa kwa tumbo," akamwambia, mlango ukiwa bado wazi.

Akamweleza yote, matone, kicheko, ndoo, kitanda cha dirishani, mashuka, na kikao cha chumbani. Hakujitoa. Alisema na mimi niliitikia. Karani alisikiliza huku ameshika kalamu ambayo haiandiki, na mwisho hakulia, aliwaka. Alisema amekua akiogopa vidonda vya tumbo. Amekuwa anakwepa pilipili tangu akiwa na miaka tisa, wakati ugonjwa wenyewe ni mwingine na wao wanajua. Akauliza ni aibu ya nani waliyokuwa wanailinda, ya mama yake au ya kwao wenyewe. Karani akamwambia aende, anataka kufanya kazi.

Alhamisi asubuhi, Dobi anachambua mashuka, mlango ukasukumwa. Karani alisimama pale na kikadi mkononi, uso haumjui mtu. Hakusalimia. Alikuwa ametoka chumba cha uchunguzi, mlango wa tatu. Walimpaka siki kwenye mlango wa kizazi, wakaangalia, pakageuka peupe. Kidogo tu, ncha ya kidole. Wamempima tena, wamepatibu palepale kabla hapajawa saratani, arudi baada ya mwaka.

"Yule nesi ameniuliza kama nilikuwa naumwa," akasema. "Nikamwambia sikuwa naumwa popote, mama mkubwa. Popote."

Akakaa juu ya robota. Dobi alimshika mabega kwa mikono yenye povu. Aliyewatazama angesema Dobi amefurahi, na kweli alifurahi, roho ilimrudi kifuani. Lakini chini ya furaha hasira ilikuwa imekaa palepale, haijasogea hata hatua. Huyu amepona kwa sababu alikuwa na mtu wa kumfokea. Wangapi walipata kumi kwa kumi na hawana?

Kutoka korido ya wagonjwa wa nje, redio ya ukutani ilikuwa imeanza kuimba. Dobi aliufahamu ule wimbo. Akamwachia Karani mabega, akatoka, mikono inachuruzika sakafuni, akapita kwenye mabenchi ambako wanawake kama thelathini walikuwa wanasubiri, wengine na watoto migongoni. Akapanda juu ya kiti cha mlinzi, akaizima redio katikati ya sauti ile nzito.

"Nina mdogo wangu alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina lote mbele za watu, na lilitoka bila kukwama. "Alikuwa mke wa mtu, mtu wa heshima. Alisubiri aumwe ndipo apimwe. Msisubiri kuumwa. Huyu aliyekuwa anasema humu redioni hajui."

Mlinzi alikuwa anakuja, anauliza nani amemruhusu. Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma, aliyekuja kwa ajili ya kikohozi cha mtoto, akamkabidhi jirani yake yule mtoto, akajifunga kanga vizuri.

"Hapo pa kupimia ni mlango wa ngapi?" akauliza.