Shemine Iliyokwenda Marekani

Enzi zetu pale Point, mtaa wa bandarini Durban, mtu akitaka kutuma picha nyumbani hakwenda studio. Alikuja kwetu. Alivaa suti ya kuazima, akapanda zile ngazi zinazolia, akabisha hodi, na Mama akapaza sauti: "Nyinyi watoto! Mutoe ndagala, watu wa picha wamefika!"

Sababu ilikuwa shemine. Mliokulia vyumba vile mnaikumbuka: meko makubwa ya mawe, yamejengwa ukutani ili watu waote moto ndani ya nyumba. Sasa niambie, Durban hii, ambapo Desemba hata ukuta unatoka jasho, nani anaota moto? Mwingereza fulani wa zamani alitaka. Akayaleta kwa meli kutoka kwao, mawe meupe yamechongwa zabibu na simba wawili, mmoja amekatika pua. Mwenyewe akafa, nyumba ikazeeka, ikagawanywa vyumba vyumba kwa mbao, na kile chumba cha simba kikatuangukia sisi, wahamiaji kutoka Uvira.

Moto hatukuwasha hata siku moja. Mle ndani Mama alihifadhi unga wa muhogo, ndoo ya ndagala na viatu vyetu vya kanisani, ndiyo maana Jumapili tulinukia samaki mbele za Mungu.

Lakini siku ya picha, weee! Vitu vyote nje, mawe yanapigwa kitambaa, mtu anaegemeza kiwiko juu ya simba mzima, yule asiye na pua anafichwa kwa maua ya plastiki. Majirani wanajaa mlangoni kumpa amri jirani mwenzao anayepigwa picha. "Mama Neema, usicheke sana, watasema umelewa!" Kijana mmoja wa saluni alikuja na koti la manyoya katikati ya joto, akanyoosha mikono kwenye moto usiokuwepo, akitetemeka kabisa. Tulicheka mpaka kamera ikatikisika. Picha zikioshwa, zilipewa msafiri, zikafika Uvira. Huko watu wakalala salama: mtoto wetu iko na nyumba ya mawe.

Mama ndiye aliyetuma nyingi kuliko wote. Nyuma ya kila moja aliandika: "Hapa ni sebuleni kwetu." Wa kwanza kuzipokea alikuwa Koko, mama yake Baba, ambaye Mama alimwogopa kuliko polisi. Basi siku moja habari ikaja: Koko amepanda basi, anakuja kutuona, Jumamosi anafika.

Wiki hiyohiyo wakaja mafundi na patasi. Mwenye jengo alikuwa ameiuza shemine. Waliandika namba kwa chaki kwenye kila jiwe, kama wanafunzi wanaopangwa mstarini. Baba, aliyekuwa mpakiaji kwenye ghala Mobeni na aliyependa kuuliza mzigo unakwenda wapi, akaambiwa: Marekani. Kuna tajiri ana nyumba kubwa shambani, anaijenga kwa vipande vya Uingereza ya kale. Mlango ameutoa ngome moja, ngazi amezitoa nyingine, dari ni ya kanisa, bado meko tu. Sisi watoto tuliwaza nyumba hiyo usiku na mchana: nguo ya viraka, lakini viraka vya kitajiri!

"Ona jiwe," Baba akasema. "Uingereza, Afrika Kusini, Marekani. Na halijapanga foleni ya makaratasi hata siku moja."

Mama hakucheka. Alimshika mkono kiongozi wa mafundi. "Baba yangu, utuachie mpaka Jumatatu tu. Mama mukwe wangu iko njiani."

"Eish, Mama," yule fundi akajibu kwa upole, "meli haingoji mama mkwe."

Wakang'oa. Palibaki shimo jeusi, na masizi ya Mwingereza yakatuangukia sote. Mama alitundika kitenge chake kizuri juu ya shimo, akakaa kitandani akiangalia mlango. "Atasema mwanawe ameoa mwongo," alinong'ona.

Jumamosi Koko akaingia, mfupi, mkali, na kikapu kichwani. Hakusalimia. Alitazama kuta zote nne, akaenda moja kwa moja kwenye kitenge, akakifunua.

"Mawe iko wapi?"

Mama alifungua mdomo, machozi yakatangulia. Koko akaanza kutikisika mabega. Tulidhani ni hasira. Kumbe anacheka!

"Mama watoto, nyamaza. Kule tulijua zamani. Picha yako, picha ya Mama Neema, picha ya ule kijana wa koti: simba ni moja! Tulizipanga mezani sisi wamama, tukacheka mpaka mbavu zinauma. Kisha tukapiga magoti, tukawaombea. Watoto wenye kutafuta pahali pazuri pa kusimama ili sisi tulale, hao si waongo."

Kisha akaamuru majirani waitwe. Sote tukasimama mbele ya shimo, nyuso zimejaa masizi yaliyokuwa bado yanadondoka, Mama katikati, mkono wa Koko begani mwake. Ndiyo picha pekee ya miaka ile ambayo Mama anacheka meno yote nje.

Siku hizi, nikisuka nywele za watu saluni, naota kwamba yule tajiri naye anaegemeza kiwiko kwa simba wetu, anapigwa picha ili ndugu zake wamwone. Namwonea huruma kidogo. Nani anampigia kelele asicheke sana? Na watoto wa leo, eti wana simu. Wanabonyeza tu, nyuma yao inatokea Parisi, theluji, bahari ya buluu. Suti ya kuazima haihitajiki, wala jirani wa kunyoosha kola. Uongo wetu ulihitaji ghorofa nzima. Wa sasa, kila mtu anautunga peke yake, mlango umefungwa.