Nyota Mbili na Kistari

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Gundi tu, maana gundi ndiyo iliyokuwa chini ya kucha zake mwaka mzima, hata sikukuu. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu maktaba. Wanafunzi wakimaliza kuandika tasnifu zao, makaratasi yanakuja kwake, anayashona, anayavisha jalada gumu jeusi, kisha yanapanda rafuni. Miaka thelathini na moja kazi ni hiyohiyo, na wala hakuichoka.

Halafu ikaja skana.

Siku hizi tasnifu inaandikwa kwenye kompyuta, inatumwa kwa kompyuta, inasomwa kwenye simu na mtu aliyelala kitandani kwake nchi ya mbali huko. Cha kushona hakuna. Wakubwa wakasema hata zile za zamani ziingizwe mtandaoni, kisha makaratasi yaende kiwandani yakasagwe, rafu zitolewe, wanafunzi wapate pa kukaa na kuchaji simu. Sasa skana inameza karatasi mojamoja, kitabu haikitaki. Lazima mgongo ukatwe. Nani akate? Gundi huyohuyo. Wakamhamishia chumba cha skana, yeye na mashine yake ya kukatia, akawa anakata alichokishona mwenyewe. Kwaa! Na uzi wake unaning'inia.

Hilo angelimeza. Lakini kulikuwa na habari ya mkewe.

Marehemu mkewe alikuwa mpiga taipu palepale chuoni. Wapiga taipu wa enzi zile kila mmoja alikuwa na alama yake chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, ili kazi ikionekana na makosa ijulikane irudi kwa nani. Ya huyu mama ilikuwa nyota mbili na kistari. Gundi aliijua alama kabla hajaijua sura. Siku moja akaifuata hadi chumba cha taipu, karatasi mkononi.

"Dada, unapiga kwa hasira gani? Nukta zako zimetoboa karatasi!"

"Wewe umeajiriwa kushona au kukagua?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Gundi akaondoka amenywea. Kesho yake akarudi na karatasi nyingine.

Na kweli mama alipiga kwa nguvu. Ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa, zile nyota unazigusa, zimetuna kama vipele. Tangu amzike, miaka sita sasa, Gundi alikuwa na mazoea yake. Saa ya chakula anaingia kati ya rafu, anashusha tasnifu yoyote ya mkewe, anafungua mwisho, anapapasa. Akishiba anarudi kazini. Hakumwambia mtu.

Asubuhi moja akachungulia kompyuta ya dada mmoja kijana aliyeajiriwa kuendesha skana. Ukurasa wa mwisho wa tasnifu ya mkewe ulikuwa pale kiooni, na chini mweupe pee.

"Binti, huku chini pamekwenda wapi?"

"Mashine inakata kingo, baba. Huko kuna madoa, vidole vya watu, uchafu mtupu. Wanataka kurasa safi."

"Uchafu huo ni mama yako."

Dada akageuka na kiti chake. Gundi akamsimulia yote, nyota, kistari, zile nukta za hasira. Dada akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Zake zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

Nyingine zote zilishasagwa. Alizikata kwa mkono wake, akijipa moyo kwamba si neno, mashine imeziona.

"Sasa baba, unahangaika nini? Chomoa hizo kurasa za mwisho, nenda nazo nyumbani. Mimi sijaona kitu."

Mkono wa Gundi ukaenda, ukafika kwenye karatasi, ukarudi. Maisha yake yote wanafunzi wavivu wa kunakili wamekuwa wakichana kurasa, yeye akizibandika upya na kuwatukana kimoyomoyo.

"Siwezi, mwanangu. Fundi wa kujalidi hatoi ukurasa."

"Lakini si zinaenda kusagwa?"

"Basi zisagwe zikiwa kamili."

"Baba, wewe mbishi jamani!"

"Mwenzangu naye alikuwa anasema hivyohivyo."

Dada akashusha pumzi, akabofya mahali, fremu ikapanuka. Wakaanza moja baada ya nyingine. Nyota zikawa zinatokea kiooni, zimefifia kidogo, ila zipo. Ya kumi na moja akamtumia kwenye simu.

Gari la kiwanda likaja Alhamisi mchana. Gundi alipakia mwenyewe. Alifunga mafungu kwa kamba, kingo zimenyooka, utadhani yanakwenda kusomwa. Likaondoka.

Akarudi chumbani, akakaa kwenye stuli yake, akatoa simu. Akaupanua ukurasa kwa vidole viwili mpaka nyota zikajaa kioo. Hajawahi kuziona kubwa hivyo! Hata katundu ka nukta ya mwisho kalionekana. Akakagusa, ukurasa ukateleza ukakimbia. Akaurudisha polepole, kama mtu anayebembeleza. Kisha mkono ukafanya uliyoyazoea wenyewe. Ukaigeuza simu, kidole kikapapasa mgongoni.

Palikuwa laini tu, na joto la mfuko.

"Vipi baba, betri imeisha?" dada akauliza.

"Hapana, mwanangu," Gundi akasema, kidole bado kinatafuta. "Ipo."