Mkuu wa Shule Kwenye Ngazi za Ndege

Nilifanywa mwalimu wa TEHAMA kwa sababu moja tu. Katikati ya kikao cha walimu, simu ya mkuu wa shule iliangua kwaya kwa sauti kubwa, akahangaika nayo mpaka jasho likamtoka, nami nikanyoosha mkono nikaizima. Wiki iliyofuata nikapewa barua. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Jiografia. Nilichosomea ni ushairi na mmomonyoko wa udongo. Lakini katika shule yetu, mwendo mfupi kutoka Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, anayeweza kuinyamazisha simu ya mkuu ni mtaalamu.

Kompyuta zilikuwa kumi na moja, za msaada, katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Siku ya kwanza Kidato cha Tatu waliingia kama watu waliofika msibani. Nikamwambia kila mmoja aandike jina lake. Baada ya muda kijana mmoja akanyoosha mkono, uso umemshuka.

"Madamu, inasema jina langu ni kosa."

Kweli, chini ya jina lake la Kisukuma palikuwa na mstari mwekundu uliojikunjakunja. Nikapita madawati yote. Darasa zima lilikuwa kosa. Hata jina langu mimi lilikuwa kosa.

"Kompyuta hii haijawahi kufika Nyang'hwale," nikawaambia. "Ifundisheni."

Tukamaliza kipindi kizima tukiifundisha majina yetu, moja baada ya jingine, na nadhani hapo ndipo walipoacha kuiogopa.

Muhula wa pili tukaanza kuhariri picha. Kulikuwa na msichana mmoja mrefu, mkimya, binti wa mama mwenye mgahawa kwenye machimbo ya njia ya Bulyanhulu. Alikuwa anamkata mtu kwenye picha jinsi mama yake alivyomenya viazi: ganda jembamba, hakuna nyama inayopotea. Siku moja akachukua picha ya mkuu wa shule akiwa amesimama karibu na mlingoti wa bendera, ameshika mkoba wake, akamtoa pale na kumweka kwenye ngazi za ndege. Hata kivuli chake akakipanga kiangukie ngazini.

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Nikaona adabu ni kumtumia mwenyewe picha yake kabla hajaisikia kwa watu. Akanijibu kwa alama ya kicheko. Kesho yake asubuhi nikaiona: ameiweka picha ya profaili.

Mkuu wetu ni mtu mwema, lakini ni mtu anayependa kupendeza. Kundi la wazazi kwenye simu likaanza kuchemka. Safari njema, mwalimu. Mungu akutangulie. Yeye hakusema ndiyo, hakusema hapana. Siku chache baadaye wazazi wakaanza kuja shuleni kumpokea, wakidhani amesharudi safari. Mzee mmoja akamuuliza kama Ulaya kuna baridi.

"Baridi ipo," akajibu.

Huo haukuwa uongo. Ulaya kuna baridi, hata mimi nilifundisha hivyo kwenye Jiografia. Ila mzee yule alikuja na jogoo kwapani, na jogoo akapokewa. Baada yake akaja mama wa yule msichana na kuku wake wa kienyeji, naye akapokewa. Makamu wa mkuu akaanza kumwita "Mheshimiwa Mtalii," na yeye akawa anageuka anapoitwa.

Baada ya wiki moja mama yule akarudi. Nilikuwa ofisini kwa mkuu, napeleka maandalio ya somo. Hakukaa hata alipoonyeshwa kiti.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe umetembea." Akafungua simu yake. Kwenye kioo palikuwa na kiganja cha mwanamume, na juu ya kiganja jiwe la dhahabu kubwa kama yai. Mtu asiyemjua alikuwa amempigia, akasema yuko kwenye duara moja huko Geita, yaani shimo la wachimbaji, na jiwe hilo linauzwa kwa siri, haraka. Mama alikuwa tayari amempata mnunuzi wa ng'ombe wake watatu, wale alioachiwa na marehemu mumewe.

"Sasa nakuuliza wewe uliyeona mambo. Niuze?"

Nikamtazama mkuu. Sijawahi kuona mtu akikosa pa kuweka mikono yake namna ile. Akasema picha si kitu cha kuamini sana. Mama akasema, "Lakini jiwe naliona." Mkuu akasema watu siku hizi wana ujanja. Mama akasema, "Na mkono naona, na kucha zina udongo." Mkuu akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwite binti yake," akaniambia. "Aje na kompyuta."

Msichana akaja, akamwamkia mama yake, akaihamishia picha kwenye kompyuta na kuikuza. Alituonyesha kwa ncha ya kalamu, bila kuinua sauti. Kidole gumba kilikuwa na kivuli, jiwe halikuwa nacho. Na pembeni mwa jiwe, palipokatwa vibaya, palibaki kipande cha kitambaa cha buluu ambacho hakikuwa cha mkono ule wala cha mahali pale.

"Huyu hajui kukata," akasema kwa dharau kidogo, dharau ya fundi.

Mama hakuridhika. "Wewe ni mtoto. Utajuaje?"

Msichana akamtazama mkuu wa shule. Mkuu akatazama dirishani, kisha akashusha pumzi. "Mwonyeshe ile yangu."

Akaifungua. Akamshika mkuu kwa kipanya, akamsogeza kulia, akamrudisha kushoto, akamtoa kabisa. Ngazi za ndege zikabaki tupu. Kisha akamrudisha mlingotini kwake. Nje kengele ya mapumziko ikagongwa.

"Kwa hiyo hukwenda," mama akasema.

"Sikwenda, mama."

"Hata Mwanza?"

"Hata Mwanza."

"Na kuku wangu?"

"Tumemla."

Mama akaketi kwenye kile kiti alichokikataa. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha tumboni, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Alipotulia akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwalimu. Kuku mmoja kwa ng'ombe watatu, umenipunguzia." Kisha akaichukua simu. Hapohapo akampigia yule mtu, akamtaka ajipige video akiligeuza jiwe. Mtu akasema mtandao ni mbaya. Jioni namba yake ikawa haipatikani tena.

Mkuu angeweza kuyamaliza mambo mle ofisini. Hakufanya hivyo, na kwa hilo namheshimu. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama akaeleza yote mwenyewe, na kuku akawataja, kisha akamkaribisha msichana aonyeshe ukutani kwa projekta. Wazazi walicheka, halafu simu zikaanza kutoka mifukoni. Huyu ana picha ya kiwanja Chato, yule ana ya dhahabu, mmoja ana ya mchumba ambaye hajawahi kumwona. Msichana akakaa na foleni mpaka jua likaegemea magharibi. Mfugaji mmoja tu ndiye aliyekuja na hoja tofauti: aliomba ng'ombe wake anenepeshwe kidogo pichani kabla ya mnada. Akakataliwa, akaondoka akinung'unika kwamba shule haisaidii wafugaji.

Mimi nililala na jambo moja. Nilikuwa nimewafundisha watoto kukata kabla sijawafundisha kutazama. Tangu muhula uliofuata nikageuza mpangilio: kwanza wanatazama picha, wanatafuta kivuli, wanauliza nani kaituma na anataka nini. Mkasi unakuja baadaye.

Matokeo yake nayaonja mwenyewe. Juzi nimewapa mtihani wa Jiografia wenye ramani niliyoichora mwenyewe usiku kucha. Mikono saba ikanyooka kabla hata sijasema waanze.

"Madamu," mmoja akauliza kwa heshima zote, "ramani hii umeikata wapi?"